Bahasha ya Kaki na Siku 30: Mwongozo wa Haki Kazini Tanzania Bara, kwa Mwajiri na Mwajiriwa

Kwenye benchi la korido ya CMA, tume ya migogoro ya kazi, kabla majina hayajaitwa, huwa natazama bahasha. Mfanyakazi amekuja na yake ya kaki, mwakilishi wa kampuni ana yake. Ukishazoea pale, unakisia mapema nani atatoka na sura gani. Mwenye bahasha iliyonona, anayejua kila karatasi iko wapi, amekaa ametulia. Mwenzake kaja na simu iliyojaa ujumbe wa WhatsApp, na hasira.

Nimekaa pande zote mbili za ile meza. Miaka ya mwanzo nilikuwa mwakilishi wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani; baadaye nikahamia ofisi ya rasilimali watu, na wenzangu wa tawi wakaninunia kwa muda. Kule nilisikia kila siku kwamba sheria ni ya tajiri. Huku nikasikia kwamba sheria inawadekeza wafanyakazi. Nionavyo mimi, inamlinda aliyefuata utaratibu na akaweza kuuonyesha kwa karatasi na tarehe. Mwongozo huu wote ni juu ya vitu hivyo viwili.

Sheria zenyewe ni mbili, pacha: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, na Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka huohuo. Ya kwanza inasema haki na wajibu ni upi. Ya pili ndiyo iliyounda vyombo, kikiwamo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ambayo kila mtu anaiita CMA. Kabla ya hapo tulikuwa na sheria ya ajira ya 1964, na mabishano ya kufukuzwa kazi yaliweza kuishia mezani kwa Waziri, neno lake likawa la mwisho. Mzee mmoja wa kiwandani kwetu alikuwa bado anatishia, "Nitakwenda kwa Waziri!" miaka mingi baada ya mlango huo kufungwa.

Kwanza hakikisha uko kwenye mlango sahihi

Haya yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za kazi na chombo chake cha kushughulikia migogoro. Ukiwa Mjini Magharibi usipeleke fomu CMA. Wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa wako nje ya sheria hii. Mtumishi wa umma naye ana njia yake: lazima amalize kwanza rufaa za ndani ya utumishi, ambako kuna Tume ya Utumishi wa Umma, ndipo afikirie CMA. Nimewaona walimu na wauguzi wakipoteza miezi kwa kuanzia mlango usio wao.

Waliobaki wote wamo. Dada wa kazi za nyumbani yumo, mlinzi yumo, kibarua wa shambani yumo. Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakumwondoi mtu kwenye sheria, na hili nitalirudia kwa sababu ndilo linaloaminiwa vibaya kuliko yote.

Hatua ya 1: Anza kunonesha bahasha siku ya kwanza kazini

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ajira ni mali.

Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi taarifa za maandishi anapoanza kazi: jina, umri, anwani ya kudumu na jinsia yake, mahali alipoajiriwa, kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, na mshahara pamoja na namna unavyokokotolewa. Kama mfanyakazi haelewi kilichoandikwa, aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kumbukumbu hizo mwajiri azitunze miaka 5 baada ya ajira kwisha.

Wenye biashara wengi, hasa wenye maduka na gereji, hukwepa karatasi wakidhani wanajikinga. Sheria imegeuza mtego huo uwanase wao: shauri likifika mbele na mwajiri akashindwa kutoa mkataba au zile taarifa, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye. Mfanyakazi akisema, "Tulikubaliana laki tano," bosi ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba haikuwa hivyo. Ataonyesha kwa nini, ikiwa hakuandika chochote?

Kwa mfanyakazi asiyepewa karatasi, bahasha hunoneshwa na vitu vidogo: kitambulisho cha kazi, miamala ya mshahara iliyoingia benki au kwenye simu, daftari la mahudhurio ulilopiga picha, taarifa ya michango ya NSSF. Hiyo ya NSSF ichunguze walau mara moja kwa mwaka. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Wapo wanaokatwa kila mwezi na fedha haifiki kule. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni jukumu la mwajiri peke yake. Ukiukuta kwenye makato yako, uliza. Na ukiumia kazini, taarifa iufikie mfuko huo ndani ya miezi 12.

Hatua ya 2: Piga hesabu yako mwenyewe

Hapa ndipo wengi husema "nanyonywa" bila kujua kiasi. Tuchukue mfano wa kubuni, tutembee nao mpaka mwisho: mtunza stoo wa duka kubwa la vifaa vya ujenzi, mshahara wa mwezi shilingi 520,000, siku 6 kwa wiki, amekaa kazini miaka 6 na miezi 4.

Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku. Akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya saa nzima. Ili kupata thamani ya saa yake, sheria inataka mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333, ambayo ndiyo idadi ya wiki katika mwezi, kisha ugawanywe kwa saa za wiki. 520,000 gawanya kwa 4.333, gawanya kwa 45, unapata kama shilingi 2,667. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani shilingi 4,000 kila saa. Saa za ziada zenyewe zina kikomo: 50 katika kila wiki 4, na lazima zikubaliwe. Akifanya kazi siku yake ya mapumziko au sikukuu ya kitaifa, malipo ni mara mbili. Kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Mameneja hawamo kwenye hesabu hii ya saa, na ndiyo maana kuna ofisi ambazo kila mtu ni "meneja".

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo zenye malipo. Ugonjwa: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari. Uzazi: siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kima cha chini cha mshahara kinapangwa kwa amri ya serikali, sekta kwa sekta. Cha hotelini si cha migodini, kwa hiyo usichukue namba ya jirani.

Kama bado uko kazini na tatizo ni malipo pungufu au kukosa mkataba, si lazima ukimbilie CMA. Afisa Kazi wa mkoa ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kukagua kumbukumbu na kumwandikia mwajiri amri ya kutekeleza. Mahali palipo na tawi la chama, kama TUICO kwa viwanda na biashara, CHODAWU kwa hoteli na majumbani au TPAWU kwa mashamba, pitia kwanza kwa mwakilishi. Chama chenye wanachama walio wengi mahali pa kazi ndicho kinachojadiliana na mwajiri mkataba wa hali bora, na ukishasainiwa unawafunga wote wawili.

Hatua ya 3: Tuhuma zikitokea, mwajiri apunguze mwendo

Stoo imehesabiwa, mifuko 40 ya saruji haionekani. Bosi anapandwa na damu, anamwambia mtunza stoo mbele ya wateja, "Toka, usirudi tena!"

Kwa sentensi hiyo moja, mwajiri ambaye huenda alikuwa na sababu nzuri kabisa ameiharibu kesi yake. Uachishaji halali una miguu miwili: sababu ya haki na utaratibu wa haki. Ukivunjika mmoja, unaanguka. Na anayetakiwa kuthibitisha yote mawili ni mwajiri. Mfanyakazi akishaonyesha tu kwamba aliachishwa, mzigo umehama meza.

Utaratibu wenyewe uko kwenye Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007. Haufanani na kesi ya jinai na hauhitaji wakili. Unakwenda hivi.

Kwanza uchunguzi: nani alikuwa na funguo, hesabu ya mwisho ilifanyika lini, hati za kupokea mzigo zinasemaje. Kama kuwapo kwa mfanyakazi kutaharibu uchunguzi, anaweza kusimamishwa, lakini kwa mshahara kamili. Kusimamisha bila mshahara ni adhabu kabla ya hukumu, na waajiri huipenda sana.

Ukishaona kuna jambo la kujibu, mwandikie barua ya tuhuma. Iseme tarehe, mahali na kosa, kwa lugha anayoielewa. Nimeshika mkononi barua ya Kiingereza kizito aliyoandikiwa mlinzi aliyeishia darasa la saba, na nilijua papo hapo mwajiri wake ana kazi mbele yake. Mpe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 kabla ya kikao. Mjulishe kwamba anaweza kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake wa kumsaidia.

Kikao cha nidhamu kiongozwe na mtu wa ngazi ya juu ambaye hakuhusika na tukio. Hapa wenye biashara za familia hukwama: aliyehesabu mifuko ni bosi, aliyeandika barua ni bosi, mwenyekiti wa kikao ni bosi. Tafuta mtu mwingine hata kama ni kutoka tawi jingine la biashara. Mfanyakazi asikie ushahidi, aulize maswali, alete mashahidi wake, ajitetee. Muhtasari uandikwe siku hiyohiyo na wote wasaini. Kisha uamuzi, kwa maandishi, wenye sababu, na kumweleza haki yake ya kukata rufaa ndani ya kampuni.

Kuhusu sababu, msuluhishi au mwamuzi atauliza maswali yaleyale kila mara: kanuni iliyovunjwa ilikuwapo? Mfanyakazi aliijua? Wengine waliofanya hivyo walichukuliwa hatua ileile? Na kufukuza ndiyo adhabu inayolingana, au onyo la maandishi lingetosha? Swali la tatu ndilo linaloumiza waajiri. Kama mwaka jana mpwa wa bosi alipoteza mifuko 30 akapewa onyo la mdomo, mtunza stoo atalitaja hilo kwenye kikao, na yuko sahihi.

Kwa upande wa mfanyakazi, kosa kubwa katika hatua hii ni kugoma kuhudhuria. "Siendi, wameshaamua." Ukikataa bila sababu ya msingi, kikao kitaendelea bila wewe, na rekodi itaonyesha ulipewa nafasi ukaitupa. Nenda. Andika yanayosemwa. Usisaini karatasi usiyoielewa. Ukilazimika kusaini kwamba umepokea barua, andika "nimepokea" na tarehe. Na ile barua ya kujiuzulu iliyochapwa tayari, inayosukumwa mezani na maneno "ni kwa faida yako", iache ilipo. Sheria inatambua kwamba mwajiri anaweza kuifanya kazi isivumilike mpaka mtu akaondoka, na huko nako ni kuachishwa. Lakini ukishasaini umejiuzulu, mzigo wa kuonyesha kwamba ulisukumwa unakuwa wako.

Kinga za mwajiri zipo na zina nguvu. Mfanyakazi mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo haki chini ya sehemu hii ya sheria, ndiyo maana kipindi cha majaribio kitumike kweli kumpima mtu, kisiishie kuandikwa kwenye mkataba tu. Asiyefikia viwango vya kazi anaweza kuachishwa, mradi alielezwa kasoro, akasaidiwa na kupewa muda wa kujirekebisha. Wizi, ulevi kazini, ukaidi wa wazi, kutoweka kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika: hakuna anayemlazimisha mwajiri kuishi na hayo. Sheria inamtaka apite kwenye njia, basi.

Hatua ya 4: Siku ya barua

Umeachishwa. Siku hiyo fanya mambo mawili: andika tarehe uliyopokea barua, na hesabu unachostahili.

Kuna vitu ambavyo havitegemei kama kuachishwa kulikuwa kwa haki au la. Mshahara wa siku ulizofanya kazi. Malipo ya likizo uliyoilimbikiza bila kuichukua. Cheti cha utumishi. Na kama uliajiriwa mbali na kituo cha kazi, nauli yako na mizigo hadi ulikoajiriwa. Wakati unasubiri kusafirishwa, posho ya kujikimu. Hicho kipengele cha "mahali ulipoajiriwa" kwenye mkataba, ambacho watu hukijaza ovyo, kazi yake inaonekana siku hii.

Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28, au alipwe badala yake. Katika mwezi wa kwanza wa kazi ni siku 7. Mfanyakazi anayeacha kazi naye anadaiwa notisi hiyohiyo, hiyo ni kinga nyingine ya mwajiri.

Kiinua mgongo hupatikana ukiwa umetimiza mwaka mmoja mfululizo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10. Kwa mtunza stoo wetu, 520,000 gawanya kwa 4.333, gawanya kwa siku 6 za wiki, siku moja ni kama shilingi 20,000. Siku 7 mara miaka 6 ni shilingi 840,000. Ile miezi 4 ya ziada haihesabiwi. Lakini akiachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, kiinua mgongo hapati. Ndiyo sababu waajiri wengine hulazimisha kila kuondoka kuitwe utovu wa nidhamu, na wafanyakazi hupigania neno lililoandikwa kwenye barua kama wanavyopigania fedha.

Kupunguzwa kazini kwa sababu za kiuchumi au mashine mpya kuna utaratibu wake. Mwajiri atoe taarifa mapema, aweke wazi sababu, kisha ashauriane na chama au wafanyakazi juu ya namna ya kuepuka hali hiyo, vigezo vya kuchagua nani aondoke, muda, na malipo. Wakishindwa kuelewana, jambo linapelekwa CMA, na ndani ya siku 30 za usuluhishi hakuna anayeondolewa. Tangazo lililobandikwa Ijumaa jioni kwamba majina haya yasije Jumatatu halijatimiza hata moja ya hayo.

Hatua ya 5: Siku 30, na fomu namba moja

Sasa tarehe. Mgogoro wa kuachishwa kazi lazima ufikishwe CMA ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kuthibitisha kuachishwa huko. Migogoro mingine, kama madai ya mshahara, ni siku 60 tangu ilipoanza. Siku ya kwanza haihesabiwi, ya mwisho huhesabiwa. Aliyeachishwa tarehe 3 Machi, siku yake ya 30 ni tarehe 2 Aprili.

Wanaopotea, wengi hawaachi makusudi. Wanazungushwa. "Ndugu yangu, vuta subira, bosi mkubwa akirudi kutoka safari tutayamaliza." Wiki inapita. "Njoo mwisho wa mwezi." Siku ya 31 yule ndugu hapokei simu. Unaweza kuendelea kuzungumza na mwajiri huku fomu yako iko CMA. Kufungua shauri hakumkatazi mtu kupatana. Aliyechelewa anaweza kuomba asamehewe, kwa fomu namba mbili na kiapo. CMA itaangalia amechelewa kiasi gani, kwa sababu gani, kama shauri lina uzito, na mwenzake ataumizwa vipi. Sababu ya "nilikuwa nafuatilia kwa bosi" mara nyingi haipiti.

Fomu namba moja, CMA F1, inapatikana ofisi za CMA, na huduma ya kuwasilisha mgogoro haina ada. Anayekutoza "ya fomu" nje ya geti anajilipa mwenyewe. Ijaze taratibu. Haya ndiyo yanayoangusha watu:

Jina la mwajiri. Andika lililoko kwenye mkataba au taarifa ya benki, siyo lile la kibao cha duka. Tuzo, yaani uamuzi wa CMA, dhidi ya jina lisilokuwapo kisheria haikazwi, haitekelezwi kwa nguvu.

Aina ya mgogoro. Kama ni kuachishwa isivyo haki, weka alama hapo na ujaze sehemu ya pili ya fomu, ile ya kuachishwa kazi. Ukiwa na mkataba wa muda maalum uliokatishwa katikati, kwa kawaida madai yako ni ya kuvunjwa mkataba, na hesabu huwa ya muda uliobaki. Ukichanganya, utabishana kuhusu fomu badala ya haki yako, kwa sababu fomu hii inachukuliwa kama hati ya madai na itakufunga mpaka mwisho. Usichokiandika humo, usitegemee kukipata.

Kiasi. Weka hesabu uliyofanya, kifungu kwa kifungu. Mtu anayeandika "milioni mia mbili, usumbufu" hasaidiwi na namba hiyo.

Kisha mpelekee mwajiri nakala na upate saini au mhuri wa kupokea. CMA hairuhusu shauri liendelee bila uthibitisho kwamba upande wa pili umepewa. Wakikataa kupokea, rudi CMA uwaambie.

Hatua ya 6: Usuluhishi

Msuluhishi ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha, au zaidi mkikubaliana kwa maandishi. Chumba ni kidogo, hakuna majoho, na mnaongea Kiswahili. Unaweza kwenda mwenyewe, na kiongozi wa chama, na wakili, au na mtu unayemchagua kukuwakilisha. Yanayosemwa humo ni siri na hayawezi kutumika dhidi yako baadaye, kwa hiyo mwajiri anaweza kutamka namba bila kuonekana amekiri kosa.

Kutokwenda ndiko kosa. Mlalamikaji asipotokea, shauri linaweza kufutwa. Mwajiri asipotokea, msuluhishi anaweza kuliamua bila yeye. Nimewahi kufika kwenye ajira mpya nikakuta wito tatu za CMA zimewekwa chini ya sahani ya kalamu za mapokezi. Hakuna aliyejua ni za nini. Tulizitambua dalali wa mahakama alipokuja kuhesabu magari uani.

Kama mtaelewana, andikeni kila kitu: kiasi, tarehe za awamu, nani analipa kodi, cheti cha utumishi kitatoka lini. Makubaliano yaliyosainiwa mbele ya msuluhishi yana nguvu ya kukazwa. Ushauri wangu kwa pande zote ni kwamba makubaliano ya kadiri yanayolipwa mwezi huu yana faida kuliko tuzo kubwa inayosubiriwa, na hilo nalisema nikiwa nimeshinda na kushindwa.

Hatua ya 7: Uamuzi

Usuluhishi ukikwama, msuluhishi anatoa cheti cha kushindikana na shauri linakwenda kwa mwamuzi. Hapa viapo vinaanza. Kwenye kesi ya kuachishwa, mwajiri ndiye anayeanza kutoa ushahidi, kwa sababu mzigo ni wake. Bahasha zinafunguliwa. Asilia ziwe mkononi, nakala ziwe kwenye faili. Shahidi awe aliyeona au aliyefanya. Afisa rasilimali watu aliyeajiriwa mwezi uliopita hawezi kueleza hesabu ya stoo ya mwaka juzi.

Mwamuzi akimaliza kusikiliza ana siku 30 za kutoa tuzo. Akiona kuachishwa hakukuwa kwa haki, nafuu ni tatu: kurudishwa kazini kana kwamba hukuondoka, kuajiriwa upya kwa masharti, au fidia. Sheria ya 2004 iliandika fidia isiyopungua mshahara wa miezi 12, bila kutenganisha aina ya kosa la mwajiri. Marekebisho ya 2025 yameitenganisha kulingana na aina ya kosa, kwa hiyo aliyekosea utaratibu pekee hapimwi kwa rula moja na aliyembagua mtu kwa ujauzito, dini au kabila lake. Ukisoma tuzo za zamani, soma hoja zake, namba uziache.

Anayefungua shauri la kipuuzi au la kumkomoa mwenzake anaweza kuamriwa kulipa gharama. Kwa kawaida lakini kila mtu hubeba zake.

Hatua ya 8: Tuzo imetoka

Usiyeridhika, huna "rufaa" kutoka CMA. Unaomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki 6 tangu upewe tuzo. Kutoka huko, njia ya Mahakama ya Rufani iko wazi kwa hoja za kisheria tu, kwa hiyo kama tatizo lako ni kwamba shahidi alidanganya kuhusu mifuko, malizia huku chini.

Uliyeshinda, usikae ukingoje simu ya mhasibu. Mwandikie mwajiri barua yenye tuzo, kiasi, namba ya akaunti na tarehe ya mwisho ya kulipa. Ikipita, peleka tuzo mahakamani ikazwe kama hukumu yoyote: akaunti za benki zinaweza kushikwa, mali ikauzwa. Na mwajiri aliyeamua kulipa, alipe kwa benki, achukue risiti iliyosainiwa yenye namba ya shauri, aipeleke nakala CMA. Nimeona mtu akilipa taslimu chini ya mwembe mbele ya mashahidi wawili, na miezi mitano baadaye mashahidi wote wawili walikuwa wamehamia Geita.